Ndege wa Kukhu Nasimiyu

Nilipokuwa mtoto pale Kibomet, Kitale, hakuna aliyejua maina ni ndege gani. Siku ya kwanza alipotua juu ya mabati ya Kukhu Nasimiyu, bibi mjane jirani yetu, tulitoka nje kumtazama. Alikuwa na mwili wa kahawia, kichwa cheusi, mdomo na miguu ya njano, na ngozi ya njano kuzunguka jicho. Aliporuka, mabawa yalifunua mabaka meupe. Alipiga mluzi, akakoroma, kisha akatoa sauti kama ya mtu anayenong'ona.

"Ndege mgeni akitua kwa boma, kuna mtu anaitwa na kifo," mama alisema kwa hofu.

Kukhu alicheka tu, akamtupia makombo ya ugali.

Wiki hiyo mama aliniachia mdogo wangu, Wafula, aliyekuwa bado anatambaa. Nilimweka kwenye nyasi, nikaenda kuruka kamba na wenzangu. Mvua ikamnyeshea. Kufikia jioni alikuwa anawaka homa.

"Umemfanyia nini mtoto?" mama aliuliza.

"Ni yule ndege wa Kukhu. Nilimsikia akiita jina la Wafula."

Ulikuwa uongo mtupu. Wafula alipona kwa dawa za zahanati, lakini maneno yangu yalikuwa yameshaenea mtaa mzima. Watu waliacha kununua mboga za Kukhu. Watoto walirusha mawe juu ya paa lake, na mimi nilirusha. Mwezi haukuisha, binti yake akaja na pikapu, akamhamishia kwake Chwele.

Siku hizi maina wamejaa. Walitoka pwani, wakapanda bara mji kwa mji, kwa sababu hupenda palipo na watu: sokoni, jalalani, kwenye matundu ya paa. Wako Kitale, wako Bungoma, na hakuna anayewaogopa.

Mwaka jana nilienda Chwele kununua kuku. Mwanamke mzee aliyeuza mboga za mrenda akanishika mkono.

"Si ni wewe? Na Wafula anaendeleaje? Nilimuombea sana ule wakati."

"Ako sawa, Kukhu."

Alisubiri, akitabasamu. Nilinunua mrenda, nikaaga, nikaondoka.

Huwa najiambia kwamba mtoto wa miaka tisa hajui uzito wa neno. Labda ni kweli. Lakini siku ile Chwele nilikuwa na miaka ishirini na saba.