Kufuli Kwenye Ghala la Mama Mkwe

Mimi nauza nafaka Otonglo, kando ya barabara ya kwenda Busia, na biashara hii imenifundisha kwamba mtu akikuchekea sana, angalia mkono wake uko wapi. Dalali anakuletea gunia kavu juu, bichi chini. Opondo, jirani yangu wa kibanda, amegonga kitako cha mkebe wake wa kupimia, gorogoro yake, mpaka kimeingia ndani, na bado anamwapia mteja kwa jina la Mungu. Yangu imebonyea kidogo tu, ya kawaida ya soko.

Mwaka huu ndio mbaya zaidi, maana hakuna anayejua kesho. Asubuhi redio inasema meli za mahindi ya nje zinakuja, jioni inasema haziji. Soko la ng'ombe limefungwa kwa ugonjwa wa miguu na midomo, kwa hivyo mwenye fahali hana wa kumuuzia, na mwenye gunia amelikalia. Kila mtu anamvizia mwenzake.

Lakini katika watu wote hao, niliyemshuku zaidi alikuwa mama mkwe wangu.

Anaitwa Apiyo, mama yake Gordon, mume wangu. Ni mjane, anaishi Kisian, karibu na ziwa. Ndiye mikaye, yaani mke wa kwanza wa boma lile, na kwetu hilo si jina la kupambia mazishi. Hakuna anayetia mbegu udongoni kabla yake. Anatoa mbegu kwenye ghala lake mwenyewe, anapanda mstari wa kwanza, ndipo sisi wengine tufuate. Ukimtangulia umelikaribisha balaa. Gordon amesoma, anashinda kwenye kompyuta mjini, lakini mwambie apande kabla ya mama yake uone macho yatakavyomtoka.

Basi mvua ikaja. Majirani wakapanda. Sisi tukamwangalia Mama, Mama akaangalia mawingu, akasema, "Bado."

Wiki ikapita. Mahindi ya majirani yakachomoza. "Bado."

Yawa! Bado nini? Ukikosa mvua za kwanza unavuna mabua. Na tukikosa msimu huu, boma zima litanunua unga mpaka mwakani, kwa bei hii ya kichaa, na kitu pekee cha kuuza ni fahali wa Mama ambaye hana soko. Nilikuwa naamka nikiwa na hasira tayari.

Halafu kulikuwa na lile kufuli. Ghala la Mama ni la fito, la kizamani, limeinuliwa juu ya mawe, na mlango wake mdogo haujawahi kufungwa ila kwa kamba. Sasa ulikuwa na kufuli jipya la dukani, linameta kama jino la dhahabu. Unafungia nani kwako mwenyewe?

"Anangojea bei," akaniambia Lornah, mke wa Ooko, mdogo wake Gordon. "Mahindi yote ya mwaka jana yamo mle. Atayatoa bei ikifika juu kabisa."

"Na kupanda je?"

"Akipanda, watu watajua chakula kinakuja, bei itashuka. Mama ana akili ya soko kuliko wewe, Maryanne."

Hilo liliniuma, kwa sababu lilionekana kweli. Na likazidi kuonekana kweli Mama alipoanza kuja Otonglo. Kila siku ya soko namwona huyo, na kikapu chake, anapita vibanda vyote hadi kwangu. Nina gunia moja nililonunua kwa Waliaula, dalali, lenye punje za madoa mekundu zilizochanganyika na nyeupe. Nilikuwa nimegombana naye sana juu ya hayo madoa, akaapa ni mahindi mazuri tu, ya bibi mmoja. Mama anainama juu ya gunia hilo hilo, anakoroga kwa vidole, anasema, "Nipimie hapa. Gorogoro moja."

"Chukua tu, Mama. Utalipaje kwangu?"

"Sikuja kuomba. Pima."

Mtu mwenye ghala lililojaa ananunua gorogoro moja! Soko lote likaona. Opondo akafunga magunia yake. "Yule mama anakuja kupima bei," akasema. "Mama Gordon hajauza, mimi ni nani niuze?" Siku chache tu nusu ya wauzaji wa mstari wetu wakawa wamekalia mahindi yao, wanasubiri bibi mmoja wa Kisian afungue kufuli. Nami nikasema, haki, mwanamke huyu atatuua na njaa ili yeye apate faida.

Jumapili, alipokuwa kanisani, nikachukua bambo yangu na kwenda Kisian. Bambo ni chuma chenye uwazi ndani. Unachoma gunia nacho, kinakutolea punje za katikati, unajua kama umedanganywa. Nikakipenyeza katikati ya fito za ghala. Kikaingia bila kugusa kitu. Nikavuta: vumbi. Nikazunguka upande wa pili, nikachoma chini kabisa. Vumbi, na fukusi mmoja aliyekufa.

"Ukimaliza kulitoboa," sauti ikasema nyuma yangu, "nitakupa ufunguo."

Alikuwa amesimama pale na kitambaa chake cheupe cha kanisani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini mimi nikiaibika hukasirika, kwa hivyo nikamgeukia.

"Mahindi yako wapi, Mama?"

Akafungua kufuli. Ndani mlikuwa na fundo moja tu la kitambaa. Akalifungua juu ya jiwe. Zilikuwa punje za madoa mekundu, zimechaguliwa moja moja.

"Waliaula alikuja baada ya mavuno," akasema. "Akaniambia meli zimefika Mombasa, mahindi yetu yatakuwa ya kulisha kuku. Na redio nayo ikasema hivyo hivyo. Nikaogopa, mwanangu. Nikamwambia, beba. Vijana wake wakabeba kila kitu, na kapu la mbegu lililokuwa pale chini wakalimwaga kwenye magunia hayo hayo. Mbegu niliyopewa na mama mkwe wangu. Nilipogeuka, gari limeondoka."

"Si ungetuambia? Mbegu zimejaa madukani!"

"Nitoe mbegu ya pakiti, mimi, mikaye? Niwaambie nimeuza mbegu ya boma?" Akalifunga tena lile fundo. "Halafu nafika Otonglo, naona madoa yangu kwenye gunia lako. Nikasema, ee, kumbe. Maryanne na Waliaula ni kitu kimoja."

"Mimi?"

"Wewe."

Nilitaka kupiga kelele. Kumbe muda wote nilipokuwa namvizia, naye alikuwa ananivizia. Mficha uchi hazai, wanasema, na sisi tulikuwa karibu kukosa mavuno kwa kufichana. Nikamwona jinsi alivyokonda. Alikuwa anakula punje nyeupe za gorogoro yangu na kuweka zile za madoa. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chake. Moyo uliniuma, nasema kweli.

Sikungoja. Nilichukua bodaboda hadi Otonglo, nikapakia kilichobaki cha gunia lile na gorogoro yangu, nikarudi. Nilimpigia Lornah simu aje na mkeka. Tukakaa watatu, tukachagua punje za madoa mpaka vidole vikafa ganzi, mawingu yakiwa yamejikusanya juu ya ziwa. Mama akazitia ndani ya ghala, akafunga mlango, akaufungua tena, akazitoa. Kwa mkono wake, kutoka ghala lake. Hakuna aliyecheka.

Shambani akaomba kitu cha kubebea mbegu. Nikampa gorogoro yangu. Akaigeuza, akaingiza kidole gumba kwenye kitako.

"Gorogoro zote nilizonunua kwako," akasema, "nikipima nyumbani zilipungua. Kila moja ilipungua konzi. Konzi za mbegu hizo zingetosha kupanda mpaka pale kwenye mti wa miiba."

Lornah akawa anaangalia miguu yake.

"Ilianguka, Mama," nikasema.

"Iliangukia nini? Nyundo?"

Akapiga jembe, akatia punje mbili, akazifunika kwa unyayo. Kisha akanyoosha mkono kuelekea ule mti wa miiba, kipande ambacho mbegu yetu haingefika.

"Pale usipande kitu," akasema. "Paache hivyo hivyo mwaka mzima, ukipita upaone."