Kona Ile Haikuwa ya Walevi

Msinipe pole. Mwizi ni mimi, si yule mzee.

Nimeanza na hilo haraka kabla sijapata ujanja wa kulizunguka. Najijua, nikipewa nafasi nitajitetea mpaka mnionee huruma. Leo sitaki huruma. Nataka tu kusema, maana hapa ninapoandika nimekaa chumbani kwangu mwenyewe kama mfungwa, mbao zimenizunguka mpaka miguuni pa kitanda, na hakuna mtu hata mmoja ninayeweza kumwambia.

Basi nawaambia ninyi, wasomaji wa gazeti hili.

Kuna watu wazima, wenye ndevu na familia, wanaocheza na magari madogo ya umeme. Msicheke! Gari ni la kushika mkononi. Chini yake lina kipini kinachoingia kwenye mfereji mwembamba uliochimbwa juu ya barabara ya ubao, na kando ya mfereji kuna ukanda wa shaba unaopitisha umeme. Wewe unashika kibonyezo. Ukikibana sana, gari linaruka nje kwenye kona. Ukikibana kidogo, mwenzako anakuacha. Ni hayo tu, lakini ukishaonja umekwisha.

Mwenye nyumba wangu hapa Bukavu, nimwite Papa Déo, ni fundi umeme mstaafu. Mimi nimepanga chumba kwake, ukuta mmoja tu kati yangu na sebule yake. Na sebule hiyo, jamani! Amejenga humo barabara nzima kwa mikono yake. Mbao alizikata mwenyewe, shaba aliitoa kwenye mota mbovu, na vilima vyake ukiviona unajua ni mtaa wa Kadutu, hata vibanda vya mabati vimebanana vilevile. Umeme ukikatika anaunganisha betri ya pikipiki na mchezo unaendelea. Magari anatumiwa na binti yake Aline, anayeishi Ubelgiji.

Siku moja aliniita nimpigie picha, kwa sababu simu yake ilikuwa ile ya vitufe.

"Piga foto muzuri, mutoto yangu," aliniambia, huku akifuta magari kwa shati lake. "Aline aone baba yake iko anafanya kazi na ile vitu anatumaka."

Nilipiga, nikamtumia Aline. Hapo sikuwa na kosa.

Kosa lilikuja jioni yake. Nilikuwa nimejiunga na kundi moja mtandaoni la wapenzi wa magari hayo, Waswahili wa Goma, Uvira, Bujumbura, mpaka Dar na Nairobi. Mle ndani nilijiita Fundi wa Ziwa. Fundi! Mimi ambaye kazi yangu ni kuchapia watu barua na kutoa fotokopi. Nikaweka picha moja ya barabara ya Papa Déo, bila neno lolote. Watu wakapagawa. Mmoja akauliza, "Hii ni kazi yako, mkubwa?"

Nikajibu, "Asanteni sana."

Mnaona? Sikusema ni yangu. Wala sikusema si yangu. Nilijiambia huo si uongo, nikalala vizuri kabisa.

Basi ikawa tamu. Mtu ambaye ofisini anaitwa "we wa fotokopi" sasa anaitwa mkubwa! Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa naingia kwa Papa Déo na maswali yangu, yeye akidhani nimeupenda mchezo wake.

"Papa, juu ya nini ile gari nyekundu inatokaka mu kona?"

"Pneu, ile mipira ya magurudumu, iko na vumbi. Panguza na kitambaa ya maji kidogo, itashika. Na hizi nyuzi za shaba za chini, uzifungue sawa brosi. Batu banazikaza, banasahau ni pale courant ya umeme inapita."

Alikuwa akinifundisha kwa furaha, mkewe Maman Aline akituletea chai. Nami kabla chai haijapoa vidole viko kwenye simu, naandika mambo yale kama yangu. "Ndugu zangu, leo nawapa siri ya kona." Siri! Wakanifanya msimamizi wa kundi. Picha yangu ya utambulisho ilikuwa gari jekundu la Papa Déo.

Sasa kuna kona moja kwenye barabara ile. Iko mwisho wa mteremko, imepakwa udongo mwekundu, nayo ni kali kupita zote. Magari yanaruka pale kila mara. Wa kundini wakaniuliza kwa nini nimeijenga kali hivyo, na inaitwaje. Sikuwa nimemuuliza Papa Déo. Nikaona nikichelewa kujibu watanishtukia, nikaandika la kwanza lililonijia: "Hiyo ni Kona ya Walevi. Anayeanguka hapo amelewa!"

Walicheka mpaka basi. Kuanzia siku hiyo kazi yetu ikawa kurushiana video za magari yakianguka. Nilikuwa naingia sebuleni kwa mzee, nabana kibonyezo kwa makusudi gari liruke, huku narekodi. Yeye ananiambia polepole, polepole. Mimi naweka video, na watu wanaandika chini yake, "Mlevi mwingine huyo!"

Mungu wangu. Laiti ningeuliza tu.

Aline akamtumia baba yake simu ya kisasa. Na kwa kuwa alimwona mpweke na mchezo wake, akamtafutia watu wa kucheza nao. Alilikuta jina la kundi letu huko mtandaoni, akamwingiza babake bila hata kuniuliza mimi. Aniulize kwa nini? Alifikiri anampa mzee zawadi.

Ilikuwa Jumapili mchana. Nimejilaza, nafungua kundi, nakuta picha ya barabara ile iliyopigwa kwa mkono unaotetemeka. Chini yake maandishi marefu. Niliyatambua kabla sijamaliza mstari wa kwanza.

"Jambo yenu bote. Mi ni muzee wa Bukavu. Hii barabara nilitengeneza mi mwenyewe. Ile kona ya udongo ni ya njia ya Kamituga, pale camion, lori ya kaka yangu, ilianguka, akakufa. Ni yeye alinifundisha kazi ya courant. Gari ikipita pale bila kuanguka, mi nasikia furaha sana."

Nilikaa kitandani.

Wenzangu hawakungoja. Mmoja wa Goma akaandika, "Muzee, huna haya? Hii ni barabara ya Fundi, tunaijua zamani!" Mwingine akaandika, "Mpaka kona ameiba, na hadithi ya kilio juu!" Mwingine akarusha video yangu, ile ya gari jekundu likiruka, na maneno: "Kaka yako alikuwa mlevi basi!" Na vicheko. Vicheko vingi!

Mtu mmoja tu alikuwa na utu. Ni mfanyabiashara wa Uvira, Bwana Salimu, mtu mzima wa maneno ya taratibu. Aliandika, "Tusiharakishe kumvunjia mtu heshima. Fundi, wewe uko Bukavu. Je, wamjua huyu mzee?"

Jamani, mtu akiwa gizani na akafunguliwa mlango, si atoke? Mlango ndio ule! Nilikuwa na nafasi ya kuandika: namjua, ni mwenye barabara, nimewadanganya. Wangenitukana wiki nzima, yangeisha.

Nikaandika, "Simjui."

Namjua mpaka kikohozi chake! Kikohozi hicho nilikuwa nakisikia ukutani wakati naandika.

Wakaanza kupiga kelele: mtoe, mtoe, msimamizi mtoe tapeli huyo. Nikamtoa. Kidole hiki hiki.

Halafu nikasikia sauti yake upande wa pili.

"Maman Aline! Kuya uone. Banasema mi ni mwizi."

"Mwizi ya nini?"

"Ya barabara yangu."

Mlango wangu ukagongwa. Alikuwa amesimama na ile simu mpya, ameishika kwa mikono miwili.

"Mutoto yangu, we unajua mambo ya simu. Angalia. Banasema kaka yangu alikuwa mulevi. Kaka yangu hakukunywaka hata bia moya."

Nilitazama simu ile kama mtu anayetazama kitu kigeni. Nikamwambia, "Papa, mtandao umejaa watu wabaya. Achana nao." Hayo ndiyo niliyoyapata ya kusema! Nikamshika bega, eti namfariji.

Akaniambia, "Kuna mumoja anajiita Fundi. Iko na salon, sebule sawa ya kwangu kabisa. Hata kalenda ya paroki ku ukuta, ile yenye ilipasuka."

Akanitazama. Kisha akasema, "Bon, basi," akarudi kwake.

Mpaka leo sijui kama anajua. Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa ananichukia ningehama. Angekuwa hajui kabisa ningejikaza. Lakini mtu akikutazama vile halafu asiseme kitu, unakwenda wapi? Maman Aline aliendelea kuniletea sambaza, wale dagaa wa ziwani, na fufu. Nilikuwa nakula kwa sababu nikikataa ataniuliza naumwa nini.

Kundi nalo nilishindwa kulitoka. Nikitoka watauliza Fundi kakimbia nini, na watamkumbuka mzee. Nikibaki, kila siku kuna mtu anarusha video ya kona ile. Niliwaomba waache utani huo. Wakanijibu, "Si wewe uliyeipa jina?" Kweli, ni mimi. Na sasa wa Goma na wa Uvira wanapanga kuja Bukavu kushindana kwenye barabara "yangu". Bwana Salimu anasema atakuja na vijana wake. Nimewaambia naumwa, nimewaambia barabara ya kuja huku imekatika, nimewaambia ninajenga upya. Ninadanganya ili kuulinda uongo, na kila mmoja unazaa mwingine.

Upande wa pili wa ukuta ukawa kimya. Ile sauti ya magari, zzzz, ambayo zamani ilikuwa ikinikera nikitaka kupumzika, haikusikika tena. Mzee aliacha kucheza. Nilimwona akikaa kizingitini na redio.

Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, akaniita. Niliingia sebuleni nikadhani nimeingia nyumba nyingine. Barabara imefunguliwa vipandevipande, imeegemezwa ukutani, magari yamo kwenye katoni.

"Beba," akaniambia. "Beba yote, iko ya kwako."

"Papa, hapana! Siwezi!"

"We unaipendaka. Kila dimanche, kisha misa, uko hapa. Mi sitaki Aline asikie ati baba yake anaitwaka mwizi ku internet. Nikibakia nayo, nitakuwa nafikiri tu juu ya ile maneno. Beba, mutoto yangu."

Hapo nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo! Maman Aline akaingia na chai, akasema, "Mushukuru Papa yako," na mimi nikasema, "Aksanti, Papa."

Alinisaidia kubeba. Mzee na mgongo wake ule, alinisaidia kubeba mbao zake mwenyewe kuziingiza chumbani kwangu, akaniambia kila waya unaingia wapi. Kipande kimoja tu hakukitoa. Kile cha udongo mwekundu. Alikichukua chini ya kwapa, akasema, "Hii tu nitabakiza," akaenda nacho chumbani.

Kwa hiyo sasa ni yangu kweli. Ule uongo wangu umekuwa kweli! Nina barabara, nina magari, nina betri, nina hata jina la mkubwa. Lakini barabara haiungi. Pale palipokuwa na kona kuna pengo, na gari haliwezi kumaliza mzunguko hata mmoja. Ningeweza kuchonga kona nyingine. Nimeshika ubao mara kadhaa, nikauweka chini.

Wenzangu wa kundi, mkisoma hapa mtanijua, na ndivyo ninavyotaka. Yule mzee mliyemtukana ndiye fundi. Siri zote za kona nilizowapa ni zake. Kaka yake hakuwa mlevi. Bwana Salimu, wewe uliuliza vizuri na mimi nikakudanganya. Kama mnaweza, futeni zile video. Nilizoziweka mimi nimezifuta leo, lakini zenu siwezi kuzifikia.

Na wewe unayesoma, ambaye hujui hata magari haya ni kitu gani: ukisifiwa kwa kitu cha mwenzako, jibu hapohapo kwamba si chako. Hapohapo! Usisubiri kesho. Usiseme asante ukidhani utarekebisha baadaye. Na kama kuna mtu anakungoja upande wa pili wa ukuta, usianze kwa kuandika kwenye gazeti kama mimi. Nenda ukagonge. Mimi nimewaandikia ninyi nyote, yeye bado sijamwambia.

Jana alipita mbele ya mlango wangu na kikombe chake mkononi. Akasimama, akachungulia kwenye pazia.

"Inatembea?"

"Inatembea, Papa," nikamjibu.

Mbao zote zilikuwa zimeegemea ukuta, pale pale alipoziacha, na yeye alikuwa anaziona.