Benki Kwenye Karantini

Wiki iliyopita, Musoma mjini, nilikuta watu wamekusanyika mbele ya benki moja ndogo. Mlango umefungwa, tangazo limebandikwa. Mama mmoja mwenye miwani, wenzake wakimwita mwalimu, alikuwa akiwasomea: Benki Kuu, kwa mamlaka iliyopewa na sheria, imeiweka benki hii chini ya usimamizi wake, na huduma zote zimesimamishwa.

"Msiogope," akasema. "Tunalindwa."

Mzee mmoja wa Butiama, amevaa gumbuti, alishika kitasa akakitikisa taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa.

"Mwalimu, kwa hiyo ni kama karantini? Bwana mifugo akiona ugonjwa anafunga mnada, hakuna kuuza, hakuna kuhamisha?"

"Hiyo hiyo, mzee wangu. Ili ugonjwa usienee."

Mzee hakuachia kitasa. "Karantini naijua. Lakini ng'ombe wangu nilikuwaga nawaona zizini, na maziwa nakamua. Hawa niliouza nikaleta humu, nawaangalia wapi?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Sheria hiyo ni nzuri, naitetea hata leo. Bila Benki Kuu, wenye mabenki wangetuchezea wanavyotaka. Ndivyo nilivyokuwa najiambia huku nikikazana kwenda kwenye benki yangu, ambayo haina tatizo lolote. Nilikuta foleni imefika barabarani. Aliyesimama mbele yangu, akihema, alikuwa yule mama mwenye miwani.

Hatukusalimiana.