Kobe Ajifunza Kuweka Dau

Katika karakana ile ya majeneza, chakula cha mchana kililiwa mbiombio ili karata zipate nafasi. Meza ilikuwa mfuniko wa jeneza uliolazwa juu ya mapipa mawili. Wachezaji walikuwa wanne: Mjomba, mwenye karakana, Vanishi, ambaye jina lake ndiyo kazi yake, Shemeji, aliyeshona bitana na vimito vya ndani, na Kobe, fundi wa kupiga randa, mpwa wa Mjomba na mdogo wa mumewe Shemeji.

Walicheza poka ya karata tano, tena si kwa pesa. Kila Jumatatu mtu alipewa skrubu ishirini, na Ijumaa aliyebaki na chache kuliko wote alibebeshwa kazi iliyokimbiwa na kila mmoja: kwenda majumbani kupima marehemu wiki nzima inayofuata. Kobe alikuwa amebebeshwa kwa wiki kumi na moja mfululizo. Watoto wa mtaa wakimwona anapita na futi kiunoni, walikimbilia ndani kuhakikisha babu yao bado anapumua.

Na wala hakuwa na mkosi. Karata nzuri zilimjia kama zinavyowajia wengine, ila dau lake lilikuwa na mdomo mpana. Akipata jozi ndogo, alisukuma skrubu moja kwa aibu. Akipata karata za maana, alisukuma nane kwa mpigo, na wenzake wote wakajitoa, yeye akabaki anakusanya skrubu mbili tatu walizokwisha kuweka. Asipokuwa na kitu kabisa, ndipo aling'ang'ania mpaka mwisho.

"Nimeshaweka mbili," alikuwa akisema, "nitaziachaje?"

"Utaziacha kama ulivyoacha shule," Mjomba alimjibu siku moja, huku akizizoa.

Ijumaa ya kumi na moja Shemeji alimkuta stoo, amekalia gunia la pamba, uso umemshuka.

"Kobe, kukufunga wewe kumekosa utamu," alimwambia. "Ni kama kuosha vyombo. Sikiliza. Kuanzia Jumatatu, ukiingia mchezoni weka nne. Una wafalme watatu, nne. Una jozi ya mbili, nne. Tukiangalia dau lako tusione kitu."

"Na karata zikiwa takataka?"

"Tupa. Mapema, kabla hujaweka hata moja. Na ulizokwisha kuweka si zako tena, usizililie. Wewe jiulize tu kama inafaa kuongeza."

"Na kudanganya?"

Shemeji akacheka. "Mara mojamoja. Uongo wa dau ni kama uongo wa kuchelewa nyumbani: uuanze mapema, na usibadilishe maelezo njiani. Halafu mchague wa kumdanganya. Vanishi usimguse, yule hajitoi hata ameshika karata za kufungia karanga. Mdanganye mtu anayefikiri."

"Mjomba?"

"Mjomba anajiona anafikiri. Inatosha."

Wiki ya kwanza Kobe alitupa karata mara nyingi hadi Vanishi akamuuliza kama anaumwa. Alipoingia, aliweka nne, na karibu kila mara alizifunua zikawa karata za kweli. Hata hivyo Ijumaa alishindwa, kwa skrubu mbili tu, akaenda kupima watu wake. Lakini wenzake walishaanza kuziheshimu zile nne.

Ijumaa iliyofuata, kwenye mchezo wa mwisho, Vanishi na Shemeji walikuwa na skrubu za kumwaga. Mjomba alibaki na kumi na tatu, Kobe na kumi na moja. Vanishi aliitwa nje kupokea mbao. Shemeji akaangalia karata zake, akazitupa.

Kobe alikuwa na kopa nne. Akasukuma nne. Mjomba akafuata, akabadilisha karata tatu. Kobe akabadilisha moja, akiomba kopa ya tano, maana kopa tano hushinda jozi yoyote. Ikaja saba ya shupaza. Mkononi hapakuwa na chochote, hata jozi.

Mkono ulikwenda taratibu kama siku zote. Nne.

Mjomba akamtazama. Akazitazama skrubu. "Amebadilisha moja," akajisemea. "Mjinga huyu hajawahi kuweka nne za bure." Akashusha karata zake, jozi ya wafalme, kwa hasira. "Haya, onyesha!"

"Kuona ni kwa kulipia, Mjomba," Kobe alisema, akazichanganya zake na nyingine. Shemeji aliinama ghafla kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Basi Jumanne Mjomba, aliyekuwa hajapima maiti miaka saba na macho yake hayaoni vizuri, akaenda kwenye nyumba ya msiba. Chumba cha kwanza alimkuta mzee amelala chali, kajifunika shuka gubigubi kwa ajili ya nzi. Mjomba akamsikitikia, akampima utosi hadi kisigino, akaandika, akaondoka. Marehemu, kaka yake huyo mzee, alikuwa chumba cha pili, naye alikuwa mrefu kama nguzo.

Jeneza lilipofika, magoti ya marehemu yaligoma. Yule mzee akalizunguka, akajipima kwa macho, akasema, "Nilijua ule mtekenyo haukuwa wa mjukuu. Hili ni langu!"

Mjomba alirudi ametukanwa na ukoo mzima. Kobe alipiga randa mchana kutwa, la pili likawahi maziko. Wiki iliyofuata mzee alikuja mwenyewe kuagiza lake atunziwe, akilalamika kwamba mabegani linabana.

"Kupima si mchezo wa karata tena," Mjomba akatangaza. "Kobe ndiye mpimaji, moja kwa moja."

Kobe aliendelea kupiga randa. "Basi nitaiaga karakana," alisema bila kuinua uso. "Wenzetu wa kule sokoni wananiita, na Jumamosi hawafanyi kazi."

Hakuna aliyekuwa amemwita, hata kwa mluzi. Mjomba alikuna kidevu, akahema.

"Utapima, ila Jumamosi pumzika," akasema. "Na kelele za hiyo randa zipunguze."

Jumamosi hiyo Kobe aliamka saa nne asubuhi, akanywa chai mara mbili.