Udongo Haukanyagwi na Viatu

Mwenzangu wa ofisini hakuwahi kukaa mbele ya kompyuta yake na viatu mguuni. "Huwezi kuingia kwenye udongo wa watu na viatu, dada," aliniambia, vidole vya miguu vikicheza chini ya meza. Kwenye skrini, matabaka ya udongo wa mfinyanzi yalilaliana kama shuka zilizokunjwa, naye alitafuta kujua kama yangeshika sumu ya taka za nyuklia isivuje ikishafukiwa. Alizikaripia chembe za sumu kama watoto watukutu: "Wewe, rudi! Nani kakuruhusu kutoka?" Taka hizo zilipangwa kufukiwa chini ya kilima anakoishi mama yake, na mama alikuwa amekwisha kufunga mizigo, akisubiri neno la mwanawe tu. Hesabu ya mwisho ilipokamilika, haikuponyoka hata chembe moja. Alipiga kigelegele, akanivuta mimi nisiyejua kucheza, tukazunguka mpaka kiti kikapinduka, nikacheka hadi machozi. Kisha huyoo, mbio, pekupeku. Nilimfuata na viatu mkononi. Neno lake la mwisho kwangu kabla ya likizo lilitoka ngazini: "Virudishe chini ya meza, dada! Nakwenda kumfungulia mama mizigo, hahami mtu!"