Nilivyokaa baraza la chuo na mtani wangu Mngoni, vinyungu vyetu vikiwa hatarini

Wakuu habari za humu ndani. Shikamoo kwa wachache walionizidi umri, na marahaba kwa ninyi wote mliobaki.

Juzi nimeona mdogo wetu mmoja kauliza humu: hivi mtu ukishahitimu chuo, au ukiwa mtumishi tu pale chuoni, unaweza kuwa na sauti kwenye uendeshaji wake?

Akajibiwa ovyo. Mmoja kamwambia chukua cheti uende zako.

Nikasema hapana, hili nina la kusema. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo herufi mtanivumilia, lakini baraza la chuo nimelikalia kwa makalio yangu haya haya. Nitakayoeleza yalitokea na mimi nilikuwepo. Kama kuna mahali nimetia chumvi ni kwenye matusi tu, maana mengine nimesahau, nimeweka ya kufanana nayo.

Twende.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mzungu bado anatawala. Mimi Mhehe, kijana, mashavu yamejaa. Nilikuwa tanboi wa lori la chuo kimoja cha ualimu nje kidogo ya Iringa. Jina la chuo sitaji, msinibembeleze.

Tanboi enzi zile ilikuwa kazi ya watu. Lori likikwama wewe ndiye unayeweka jiwe kwenye gurudumu. Likiwaka wewe ndiye unayeruka juu likiwa linaenda, na wasichana wanakuona.

Mmoja aliyeniona aliitwa Faustina.

Baba yake Faustina alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipopeleka mshenga, yule mzee alijibu hivi: "Lori si lake. Nyumba anayolala si yake, ni ya chuo. Kinyungu anacho? Binti yangu atakula nini kiangazi, atakula mlio wa lori?"

Kwa wasiojua, kinyungu ni bustani ya bondeni. Kiangazi huku kwetu kule juu kunakauka, lakini bondeni maji yapo chini kwa chini, basi unainua matuta unapanda mahindi, maharage, maboga. Watu wanakula mbichi wakati wengine wanaangalia mawingu.

Sisi watumishi wa chuo, wapishi, wafyatua matofali, wachunga ng'ombe wa maziwa, tulikuwa na vinyungu vyetu bonde lililo chini ya mabweni. Na mimi cha kwangu nilikuwa nacho pale, kizuri, kina maboga makubwa kama kichwa cha diwani.

Baba Faustina akaambiwa. Akasema, "Haya, nitakuja kukiona nikipata nafasi." Kwa mkwe wa Kihehe hiyo ni kama ameshacheza ngoma.

Sasa sikieni balaa.

Wanafunzi wa chuo walikuwa wanachezea mpira kwenye mteremko. Timu inayoshambulia kwenda chini inafunga mpaka inachoka. Inayoshambulia kwenda juu inatapika. Na mpira ukitoka, unaishia wapi? Kwenye maharage yangu. Nyuma yake wanashuka vijana nusu timu na viatu vyao. Nimewahi kukimbiza golikipa mpaka barabarani.

Basi ikasemwa: bonde lile litasawazishwa liwe kiwanja cha mpira. Baraza la chuo litakaa liamue.

Nilipopata habari hizo nikapiga hesabu. Bonde likienda, kinyungu kimeenda. Kinyungu kikienda, Faustina kaenda.

Lakini huyu mkuu wa chuo, Mzungu mmoja mrefu, mwembamba, tukimwita Bwana Mkuu, alikuwa na mawazo mapya. Alisema huko kwao vyuo vikubwa haviendeshwi na wakubwa peke yao. Waliosoma pale wana kiti kwenye baraza, wanaofanya kazi pale wana kiti. Kwa hiyo na sisi tutajaribu. Wahitimu wachague mmoja, watumishi wachague mmoja.

Tulikutana jikoni kuchagua wetu. Wakuu, hakuna aliyetaka! Mtu mzima wa Kihehe hasimami akasema nichagueni mimi, hiyo ni aibu. Kila mmoja anamsukumia mwenzake.

"Aende mpishi mkuu."

"Mimi na viti vya Wazungu wapi na wapi? Aende wa maziwa."

"Mimi nanuka ng'ombe."

Mwisho mpishi mkuu akaninyooshea mwiko. "Aende huyu tanboi. Mdomo wake haujawahi kufungwa hata na vumbi la Makambako."

Wote wakapiga makofi. Nikawa nimechaguliwa.

Haya, wahitimu wenyewe wengi walikuwa wanafundisha upande wa Mbeya, na mimi na dereva tukatumwa na lori kuwafuata. Tulilala Mbeya, asubuhi tukaenda mpaka Mbalizi, tukageuza tunawaokota njiani mmoja mmoja, na suti zao na vumbi. Baridi ya Mafinga ilivyowapiga kule nyuma, walimu wazima walikumbatiana kama vifaranga.

Pale Mbalizi ndipo alipopanda Mwalimu Ngonyani. Mngoni. Mfupi, miguu imepinda kwa mpira, sauti kubwa kuliko lori.

Kaniangalia tu kabila langu kalijua. "Ala! Mhehe! Mbwa wako yuko wapi, au ndiye huyo uliyembeba kwenye kikapu?"

Nikamjibu, "Panda taratibu Mngoni, babu yako mara ya mwisho kuja Iringa aliondoka mbio, hata ngao aliisahau."

Wadogo zangu mliozaliwa juzi mnaweza kudhani hapo ni ugomvi. Siyo. Wangoni na Wahehe babu zetu walipigana sana, na walipochoka wakawa watani, ndiyo maana wao wanatuita wala mbwa. Mtani anakutukana msibani, anakutukana harusini, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Na kuna ukweli ambao ndugu yako hawezi kukuambia, mtani anakuambia huku anacheka.

Tulitukanana mpaka Iringa. Safari haijawahi kuwa fupi namna ile.

Jioni yake wahitimu wakachagua kwa kupanga mstari nyuma ya mtu wanayemtaka. Mstari wa Ngonyani ulitoka nje ya mlango. Na walimchagua kwa jambo moja tu: awaletee wadogo zao kiwanja cha mpira.

Yaani mtani wangu ndiye amekuja kunichukulia mke.

Siku ya baraza nilivaa koti la dereva, mikono inafunika vidole. Ndani kulikuwa na Bwana Mkuu kwenye kiti cha mwenyekiti, mchungaji mmoja, karani wa chifu, na Mzee Shomari, mfanyabiashara Mwislamu wa Iringa mjini, mwenye asili ya pwani, ndiye aliyekuwa analeta mchele na sukari chuoni. Halafu Ngonyani, halafu mimi.

Bwana Mkuu akaeleza kiwanja. Mchungaji akasema ni vizuri. Karani wa chifu akasema ni vizuri. Akauliza, kuna mwenye neno lingine?

Wakuu, ule mdomo nilioambiwa haufungwi, ulifungwa.

Nilifundishwa tangu utoto, wakubwa wakishasema mdogo hapingi. Ulimi umeganda kama ugali wa jana. Namuona Faustina anapanda lori la mtu mwingine.

Bwana Mkuu akainua kalamu aandike kwamba imepita.

Ngonyani akaniangalia. Najua aliona. Akasema kwa sauti yake ile, "Bwana Mwenyekiti, ngoja kidogo. Huyu Mhehe kanyamaza tangu asubuhi. Mhehe akinyamaza, ama ameshiba, ama ameona mbwa dirishani."

Eh! Ulimi ukafunguka wenyewe. Mtani akikuchokoza huwezi kukaa kimya, hata mbele ya nani.

Nikasimama. "Wewe Mngoni! Babu zako walikuja na mikuki kuchukua nchi yetu wakashindwa, sasa umerudi na mpira kuchukua bonde letu? Lile bonde ndilo sufuria ya kila mtumishi wa chuo hiki. Kiangazi watoto wanakula nini, watakula magoli?"

"Kwa hiyo tucheze wapi, juu ya paa la kanisa?"

"Kachezeni kwenye mashimo ya matofali kule juu! Wangoni mmeshazoea kujificha mashimoni!"

"Mashimo yapi, hayo mliyochimba mkitafuta panya?"

"Hayo hayo! Ingieni, sisi tutawafukia!"

Bwana Mkuu amekuwa mwekundu. Anagonga kengele yake ya mezani, anasema, "Mabwana! Mabwana!" Kalamu imeanguka. Alidhani damu itamwagika pale pale. Akatunyooshea mlango, "Tokeni nje nyote wawili! Msirudi mpaka mpatane!"

Tukatoka.

Kule nje Ngonyani hakucheka tena. Akanishika mkono wa koti. "Hayo mashimo. Yako sehemu tambarare?"

"Juu ni tambarare kama meza, kasoro mashimo yenyewe. Udongo uliisha, wafyatuaji wamehama."

"Twende ukanionyeshe, mla mbwa."

Tukapanda. Kumbe huku nyuma Mzee Shomari amecheka mpaka kofia imeanguka, anamwambia Bwana Mkuu, "Bwana Mkuu, hawa ni watani. Siku wakisalimiana kwa heshima ndiyo uite askari." Mzungu hakuamini. Akachungulia nje, hakutuona. Akasema basi wamekwenda kuuana kichakani! Akachukua kofia yake, baraza zima likamfuata kupanda kilima, mchungaji ameshika kanzu yake isinaswe na miiba.

Wametukuta Ngonyani anapiga hatua kupima upana, mimi nimesimama kwenye shimo nimeshika fimbo kama mlingoti wa goli.

Bwana Mkuu anahema. "Mmepatana?"

Ngonyani akasema, "Na huyu? Hatutapatana mpaka kiama. Ila kiwanja tumepata."

Basi baraza likaendelea hapo hapo juu, tumesimama, upepo unapiga. Mwalimu Ngonyani akasema ukweli wake kwamba wahitimu wanataka kiwanja, hawakusema lazima kiwe bondeni. Na mimi sasa mdomo uko wazi, nikaeleza bonde linalisha akina nani, nyumba kwa nyumba. Mchungaji akasema, kumbe, mbona hatukuambiwa? Nikataka kumjibu kwamba hamkuwahi kutuuliza, lakini yeye si mtani wangu, nikanyamaza.

Bwana Mkuu akauliza mashimo atafukia nani.

Ngonyani akasema, "Sisi tuliosoma hapa. Tutakuja likizo na majembe yetu."

"Na sisi tunaofanya kazi hapa," nikasema.

Ikapita.

Likizo ilipofika tukaita mgowe. Mgowe kwetu ni kulima au kujenga kwa pamoja, mwenye kazi anapika, wengine wanakuja na nguvu zao. Walimu walikuja mpaka kutoka Tukuyu. Suti zimetundikwa kwenye miti, mashati nje, Mngoni na Mnyakyusa na Mbena wanafukia mashimo huku wanaimba, kila kabila linasema wimbo wa mwenzake ni mbaya. Mzee Shomari alileta mchele. Wapishi walitengeneza togwa na komoni, pombe yetu ya kienyeji, na Bwana Mkuu alionja komoni akaomba tena, akasema ni kwa ajili ya kujifunza mila.

Katikati ya kelele zile nikamuona Baba Faustina bondeni, peke yake, anatembea kwenye tuta langu. Ameinama, amechukua udongo, amenusa. Akagonga boga moja kwa kidole.

Nikashuka mbio, nimejaa vumbi. Nikamsalimia nimepiga magoti.

Akapima kwa hatua kutoka tuta moja mpaka la pili. Halafu akasema, "Haya matuta yamekaa karibu mno. Faustina atakufundisha."

Wakuu, nilirudi juu nikafukia mashimo kama katapila.

Harusi ilikuwa mwezi uliofuata. Ngonyani alilala mlangoni kwa bibi harusi, akasema Mhehe hapiti mpaka atoe jogoo, na nilipotoa jogoo akasema huyu mbona anabweka. Watu walilia kwa kucheka. Faustina mwenyewe alicheka mpaka shela ikamtoka, na alinichekea hivyo hivyo maisha yetu yote mpaka alipotangulia.

Somo nililopata ni hili. Kiti kwenye baraza ni mbao tu. Mhitimu akikaa bila kujua watumishi wanaishije, atachukua bonde la watu kwa nia njema. Mtumishi akikaa na kufyata ulimi, ni kama hayupo. Ninyi mliohitimu, jumuiya za wahitimu zenu mnazoziita konvokesheni zikiita uchaguzi, nendeni. Na ninyi mnaofanya kazi vyuoni, mkichagua mtu, chagueni pia wa kumchokoza aseme.

Nimechoka kidole. Nani humu amewahi kukaa baraza la chuo chake, kama mhitimu au mtumishi? Mlisikilizwa, au mlikunywa chai mkarudi? Semeni.

Wangoni, najua mnasoma. Uwanja ni wenu, tukaneni.