Nimesema "moto", binti yangu akatafuta gari

Leo nimepanda kichwa cha treni ya makaa, ile ya kizamani, ndani kabisa kwa dereva.
Na anayelisha tanuri makaa ni Rehema wangu. Ndiyo, huyu niliyemzaa mimi, na koleo mkononi.

Basi cheche ikarukia khanga yangu.
"Rehema, moto!"

Akachungulia nje, relini.
Akaniuliza kwa Kiingereza, "Liko wapi, Ma?"
Kumbe kwa Kizulu, alichokulia nacho, imoto ni gari.

Dereva akafunga breki, akaizima khanga kwa glovu zake. Wakacheka wote. Eish, mimi sikucheka.

Kutwa yuko na moto, na hajui mama yake anauitaje.

Jamani mliozalia huku Joburg, siku nikilala mgonjwa nikaomba maji, ataniletea nini?